Vespa Zetu za Zamani: Kuzitunza na Kusafiri Nazo Pamoja

Mazungumzo yangu ya leo yahusu chombo ambacho kila mtu aliyepita katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja amekisikia kabla hajakiona. Chombo hicho ni Vespa. Nitasema kwanza asili yake na namna injini yake inavyofanya kazi, kisha nitaeleza utunzaji wake, na mwisho nitasema juu ya zile safari za mwisho wa juma, ambapo wenye Vespa za zamani hukusanyika wakaenda shamba pamoja.

Mimi si fundi. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na Vespa niliyo nayo nimeirithi kwa marehemu baba yangu. Aliinunua mwaka 1986, nami nilikuwa mtoto wa kubebwa. Pamoja na Vespa aliniachia daftari dogo la shule, ambalo ndani yake aliandika kila jambo alilolifanya katika chombo kile: tarehe, masafa aliyokwenda, petroli aliyotia, plagi aliyobadili. Kwa miaka mingi nililidharau daftari lile, nikaona ni kazi ya mzee anayetafuta la kufanya. Mtasikia baadaye jinsi nilivyogeuza fikira zangu.

ASILI YAKE

Vespa ni neno la Kitaliani, na maana yake ni nyigu. Katika mji wa Pontedera, nchi ya Italia, kilikuwako kiwanda cha watu wa ukoo wa Piaggio, nacho kilikuwa kikitengeneza eropleni. Katika Vita Kuu ya Pili kiwanda kile kiliharibiwa. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Enrico Piaggio, mwenye kiwanda, aliona kwamba watu hawahitaji tena eropleni za vita. Walilohitaji ni chombo rahisi cha kuwapeleka kazini, katika njia zilizovunjika-vunjika. Akampa kazi hiyo mhandisi wake, jina lake Corradino D'Ascanio. Tarehe 23 Aprili 1946 waliomba hati ya uvumbuzi wao. Yasemekana kwamba Piaggio alipokiona chombo kile, kiuno chembamba na nyuma pamevimba, alisema kuwa chafanana na nyigu. Na jina likabaki hilo hilo. Injini ya Vespa ya kwanza ilikuwa ndogo, sentimeta za ujazo 98 tu. Lakini mwaka 1956, yaani baada ya miaka 10, Vespa zilizokwisha kutengenezwa zilitimia milioni moja.

D'Ascanio alikuwa mtu wa eropleni, wala hakuzipenda pikipiki. Aliona mnyororo wake wachafua nguo, gurudumu lake ni taabu kulibadili, na mpandaji hana budi kuinua mguu juu kama apandaye farasi. Basi alifanya kinyume. Hakuweka mnyororo: injini imekaa ubavuni mwa gurudumu la nyuma, nayo yaligeuza bila kupitia mnyororo wowote. Aliifunika injini kwa bati, ili oili isirukie nguo. Gurudumu la mbele alilishika kwa mkono wa upande mmoja tu, kama gurudumu la eropleni, ili lipate kutolewa upesi mpira utobokapo. Na mbele ya kiti aliacha nafasi wazi ya kuweka miguu.

Sasa fikirini, wasikilizaji. Mtu aliyevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa aweza kukaa juu ya Vespa kama akaavyo kitini, akafika msikitini na kanzu yake safi. Mama aliyevaa buibui aweza kupakiwa nyuma bila ya fedheha. Nayo ni nyembamba, yapita katika vichochoro vya Kiponda na Sokomuhogo, ambavyo motakaa haiwezi kabisa kuingia. Mji wetu ulijengwa kwa miguu ya watu na ya punda, na shirika la UNESCO liliuandika katika urithi wa dunia mwaka 2000 kwa sababu umehifadhi sura yake ya kale. Chombo kilichobuniwa kwa ajili ya Italia kikafaa Unguja kama kwamba kilishonwa kwa kipimo chake.

Baadaye viwanda vya India, kama Bajaj na LML, navyo vilitengeneza vyombo vya namna hiyo. Kwa hiyo hata leo fundi akikosa kipuri kilichotoka Italia, mara nyingi hupata cha India chenye kuoana nacho.

INJINI YAKE, NA KWA NINI HULISHWA OILI

Watu wengi hutia oili katika petroli ya Vespa kwa kuwa wameambiwa watie, lakini hawajui sababu. Asiyejua sababu ni mwepesi wa kusahau. Kwa hiyo nitaieleza.

Ndani ya injini mna silinda, na ndani ya silinda mna pistoni inayopanda na kushuka. Katika injini ya motakaa pistoni hupanda mara mbili na kushuka mara mbili, ndipo moto uwake mara moja. Chini yake mna chungu cha oili, nayo oili hiyo huzunguka ikalainisha kila kitu. Injini ya Vespa za zamani si hivyo. Pistoni hupanda mara moja, hushuka mara moja, na moto umekwisha kuwaka. Petroli na hewa hupita kwanza chini ya pistoni, mahali pa mhimili, kisha husukumwa juu kwenda kuwaka. Hapana chungu cha oili mahali hapo. Oili ya kulainisha pistoni na beringi ni ile tu iliyochanganywa na petroli. Petroli ikiwa tupu, chuma chasuguana na chuma.

Kiasi chake ni gani? Vespa nyingi zilizotengenezwa tangu miaka ya 1960 hutaka oili sehemu 2 katika sehemu 100 za petroli. Basi katika lita 5 za petroli utatia mililita 100 za oili. Zile za zamani zaidi hutaka sehemu 5 katika 100, yaani mililita 250 kwa lita 5. Tena ziko chache zenye tangi lake la oili mbali, ambazo hujichanganyia zenyewe. Kwa hizo kazi yako ni kutazama kwamba oili haijapungua. Jua chombo chako ni cha namna gani, wala usimwige jirani. Na oili hiyo iwe ile iliyotengenezwa kwa injini za namna hii. Ichanganye katika chombo safi kabla ya kuitia tangini, au uitikise vizuri.

Labda mtu atasema: Basi nitie nyingi, nisalimike. La, hasha! Oili ikizidi, moshi hujaa kichochoroni, wazee waliokaa barazani wakakohoa, na masizi yakaziba bomba la moshi hata chombo kikakosa nguvu. Kipimo kimewekwa kwa sababu.

SIKU NILIYOSAHAU

Jumamosi moja jioni nilitia petroli, nikasema nafsini mwangu kuwa oili nitaitia nikifika nyumbani. Nilipofika nilikuta wageni. Tukanywa kahawa, tukazungumza hata usiku, na oili ikasahauliwa. Asubuhi ya Jumapili tulikuwa vyombo 7 katika njia ya kwenda Paje. Nyuma yangu nilimpakia binti yangu, umri wake miaka 9, ameshika kiuno changu, na furaha yake haina kifani.

Tulipoipita Tunguu niliona Vespa imepungua nguvu. Sauti yake ikawa nyembamba na kavu, kama bati linalokwaruzwa. Ningalisimama hapo hapo, lakini niliona haya kuwachelewesha wenzangu. Kabla sijakwenda mbali, pistoni ilishikana na silinda, na gurudumu la nyuma likakazana ghafula pasipo kuguswa breki. Vespa ikaanza kwenda ubavu. Nilivuta klachi kwa nguvu zangu zote, gurudumu likafunguka, tukaserereka mpaka tukasimama ukingoni mwa njia. Hatukuanguka, lakini mtoto alikuwa akitetemeka.

Mwenzetu aliyekuwa nyuma yangu alisimama salama, kwa kuwa alikuwa mbali nami. Kila asubuhi kabla hatujaondoka, kiongozi wetu, fundi mmoja mzee wa Ng'ambo, alikuwa akitukumbusha mambo mawili mpaka tukachoka nayo: acheni nafasi baina yenu, na kidole kimoja kikae juu ya klachi. Siku ile maneno yale mawili yaliokoa watu watatu.

Mzee alifungua plagi akaitazama, akaona ncha yake ni nyeupe. Akanusa tangi. Hakunigombeza. Alingoja injini ipoe, akatia oili kutoka chupa yake ndogo, akatikisa tangi, kisha akasema, "Mwalimu, baba yako angaliandika." Tulirudi mjini mwendo wa pole, na silinda ilitakiwa ichongwe upya na kutiwa pistoni mpya.

Usiku ule nililitoa daftari la baba. Katika kila ukurasa yalikuwamo maneno yale yale, mwaka kwa mwaka: petroli lita 5, oili 100. Petroli lita 5, oili 100. Nikafahamu kwamba mzee wangu hakuwa akiandika kwa kukosa kazi. Alikuwa akiandika ili asisahau. Na aliyekuwa akipakiwa nyuma siku zile ni mimi.

UTUNZAJI WAKE

Sasa nitataja mambo ambayo kila mwenye Vespa aweza kuyafanya mwenyewe, akiwa na spana chache, bisibisi na subira.

Kwanza, plagi. Ifungue uitazame, maana plagi ni ulimi wa mgonjwa. Ikiwa rangi ya kahawia, injini ni nzima. Ikiwa nyeusi na yenye utelezi, oili imezidi au hewa haitoshi. Ikiwa nyeupe, jihadhari: injini yapata joto kupita kiasi, kwa sababu ya upungufu wa oili au hewa inayoingia mahali isipostahili. Isafishe kwa brashi, uipime mwanya wake. Katika Vespa yangu mwanya huo ni milimita 0.6.

Pili, oili ya gia. Hii si ile ya petroli. Ina chumba chake peke yake. Kwa Vespa nyingi ni robo lita ya oili namba 30. Imwage injini ikiwa na moto, kwa kuwa oili yenye moto hutoka upesi pamoja na uchafu wake.

Tatu, nyaya. Klachi, gia na breki ya mbele huvutwa kwa nyaya kutoka kwenye usukani. Waya haukatiki kwa siku moja. Huanza uzi mmoja, kisha wa pili, karibu na kishikio chake. Utazame pale kila mwezi, uutie grisi, na ukiuona umeanza kufumuka usingoje. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na waya wa klachi ukikatika ndio ufa wenyewe, kwa kuwa ni klachi itakayokuokoa siku injini itakaposhikana.

Nne, magurudumu. Mpira wa nyuma hutaka upepo mwingi kuliko wa mbele, na ukimpakia mtu hutaka zaidi. Gurudumu la Vespa ni bati mbili zilizounganishwa kwa nati. Hapa nawaonya vijana hasa: msifungue nati zinazounganisha bati hizo mpaka mmekwisha kutoa upepo wote. Upepo ukiwamo, bati hizo hurukiana kwa nguvu ya kuvunja mkono.

Tano, kupoa kwa injini. Injini ya Vespa imefunikwa, wala haipati upepo wa njia. Hupozwa na feni iliyo juu ya gurudumu lake la sumaku. Ndiyo sababu yaweza kwenda polepole kichochoroni bila ya kuungua. Lakini vumbi, oili na nyuzi za makumbi zikijaa katika mapezi ya silinda, feni itapuliza bure. Sugua mapezi hayo kwa brashi na mafuta ya taa.

Sita, bilula ya petroli iliyo chini ya kiti. Katika Vespa nyingi utaona herufi tatu za Kitaliani. A ni kufungua, C ni kufunga, R ni akiba. Ifunge ulalapo. Ikibaki wazi na kabureta ikawa haizuii vizuri, petroli hushuka usiku kucha, na asubuhi utapiga teke mpaka mguu uume.

CHUMVI, ADUI WA KISIWANI

Nimeacha jambo kubwa kwa makusudi. Pikipiki nyingi zina fremu ya vyuma vya mviringo, na mabati ni pambo tu. Vespa haina fremu. Bati lenyewe ndilo mwili na ndilo mifupa. Kwa hiyo kutu ya Vespa si kutu ya uso. Ni ugonjwa wa mifupa. Nimewahi kuona Vespa iliyopakwa rangi mpya ikang'aa kama sufuria ya harusi, nayo sakafu yake, pale pa kuweka miguu, ilikuwa kama kaki. Ukiikanyaga breki kwa nguvu, mguu wapita chini.

Unguja imezungukwa na bahari, na upepo wa kusi na wa kaskazi yote miwili yachukua chumvi. Vijana hupenda kuendesha juu ya mchanga wa pwani ya mashariki, kama pale Bwejuu na Jambiani, maji yakupwapo na mchanga ukawa mgumu. Nawaomba wasifanye hivyo. Furaha ni ya nusu saa, na chumvi hukaa tumboni mwa chombo mwaka mzima. Mtu akirudi kutoka pwani, siku ile ile aoshe chombo kwa maji baridi yasiyo ya chumvi. Asianze kwa kusugua juu panapoonekana na watu. Aanze chini, ndani ya madigadi na chini ya sakafu. Akaushe, kisha apake grisi au oili katika mapembe yanayoficha maji. Rangi ikikwaruzika mpaka bati likaonekana, apige msasa na kupaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya juma kupita. Na wakati wa masika asifunike Vespa yake kwa turubai lisilopitisha hewa, kwani mvuke ukifungiwa ndani hufanya kazi ya mvua.

SAFARI ZA MWISHO WA JUMA

Desturi ya wenye Vespa kukusanyika si ya hapa peke yake. Huko Italia walianzisha chama chao cha nchi nzima mwaka 1949. Huko Uingereza, miaka ya 1960, vijana walikwenda pwani mwisho wa juma kwa vyombo vya namna hii, wengine wamevipamba kwa vioo na taa nyingi. Na mwaka 1964, katika mji wa Brighton, walipigana na vijana wapanda pikipiki hata mambo yao yakafika mahakamani. Nataja hayo ili tujue kwamba mkutano wa vyombo waweza kuwa udugu, au waweza kuwa fujo. Wenyewe ndio wachaguao.

Kundi letu halina jina wala bendera. Wamo waalimu, makarani, mafundi na mchuuzi mmoja wa samaki. Huenda kaskazini kwa njia ya Maruhubi na Bububu mpaka Mangapwani, au mashariki kwa njia ya Dunga, penye magofu ya jumba la Mwinyi Mkuu, mpaka Chwaka. Mara nyingine huenda kusini mpaka Makunduchi. Safari zote hizo si ndefu kwa motakaa, lakini kwa chombo chenye umri wa miaka 40 au 60 ni safari za kutosha. Haya ndiyo masharti tuliyojiwekea.

Siku moja kabla ya safari kila mtu hutazama chombo chake: breki, mipira, nyaya, taa, nati za magurudumu, na oili. Asubuhi tunatazamana. Mimi nitatazama chako, nawe utatazama changu, kwa kuwa jicho huona la mwenzake.

Kila mtu huchukua kofia ngumu, yeye na aliyempakia. Katika vyombo vyote kwa jumla hakukosi kuwamo mipira ya ndani, plagi, waya wa klachi na wa gia, pampu, na chupa ya oili.

Aongozaye huwa mtu mwenye subira, na wa mwisho huwa fundi, ili akute kila aliyeharibikiwa. Mwenye chombo dhaifu huwekwa mbele karibu na kiongozi, naye ndiye apimaye mwendo wa wote. Twendapo hatufuatani katika mstari mmoja wa karibu karibu. Mmoja hukaa upande wa kulia wa njia yetu, wa pili kushoto, na baina yao huwa nafasi. Katika kila njia panda kiongozi husimama mpaka amwone wa mwisho.

Katika vijiji tunapunguza mwendo. Kuku, mbuzi na watoto hawajui safari yetu. Katika msitu wa Jozani kima punju huvuka njia, na matuta yaliyowekwa pale yamewekwa kwa ajili yao, tunayapita polepole. Ikisikika adhana karibu na msikiti, tunazima injini. Tena hurudi mjini kabla jua halijatua, kwa maana Vespa nyingi za zamani zina umeme wa volti 6 tu, na taa yake ni kama kibatari, hasa injini ikienda pole.

Wala hatushindani. Watu husema mwenda pole hajikwai. Kwa Vespa nimeona kwamba mwenda pole tena hupata kuutazama mkarafuu, kumwamkia mzee barazani, na kufika.

MWISHO WA MANENO

Labda msikilizaji mmoja ananiuliza: Mwalimu, kwa nini taabu yote hii? Si mnunue vyombo vipya? Swali hilo ni la haki. Chombo kipya kina raha yake, na mwenye uwezo asizuiwe. Lakini chombo kipya chaweza kumvumilia mvivu kwa muda. Chombo cha zamani hakimvumilii hata juma moja. Kwa hiyo kimekuwa mwalimu wangu, ingawa mwalimu ni mimi.

Nami nimejifunza jambo hili. Mtu aendaye peke yake, uvivu wake ni shauri lake. Lakini akisafiri na wenzake, nati aliyoacha kuikaza ni hatari ya yule aliye nyuma yake, na oili aliyosahau kutia ni hatari ya mtoto aliyempakia. Haya niliyoona siku ile ya kuwachelewesha wenzangu ilikuwa haya ya kipumbavu. Laiti ningalisimama na kusema, "Jamani, chombo changu kina neno," hapana hata mmoja ambaye angalinicheka.

Binti yangu alikaa miezi miwili hataki kupanda. Siku aliyokubali tena, alikuja na daftari mkononi, akaniuliza kabla hajakaa: "Baba, umeandika?" Nikamwonyesha. Petroli lita 5, oili 100. Akausoma mstari ule kwa kidole, akavaa kofia yake, akapanda.

Sasa yeye ndiye aandikaye, nami ndiye nimtajiaye vipimo. Ikiwa nyumbani kwenu iko Vespa ya zamani, au baisikeli, au mashua, au cherehani ya mama, nunueni daftari moja mkaanze leo. Kitunzeni, kidumu. Kwaherini.